Mnada wa mbuzi kusini ya Ottumwa: nimekwenda mara sita

Nimezaliwa Dodoma, na Jumamosi za utoto wangu zilikuwa mnada wa Msalato: vumbi, moshi wa nyama choma, baba akipapasa mgongo wa beberu kabla ya kutaja bei. Nilipohamia Ottumwa, jimbo la Iowa, Marekani, mbuzi niliyempata dukani alikuwa vipande vya barafu kutoka Australia, mifupa mingi kuliko nyama. Nikaanza kuulizia mnada.

Aliyenichorea ramani ni mzee ninayemhudumia kwenye nyumba ya wazee. Alikuwa mkulima Kaunti ya Davis. Unashuka barabara ya 63 hadi Bloomfield, unalipita jengo la mahakama lenye mnara, lililojengwa mwaka 1877, kisha unatoka tena nje ya mji kidogo. Utaona banda la mabati, na mbele yake magari ya pikapu yameegeshwa sambamba na farasi wa Waamishi, Wakristo wasiomiliki magari, waliofungwa kwenye reli ya mbao.

Ofisini unaonyesha leseni ya udereva, unapewa kadi yenye namba. Hakuna kiingilio. Mbuzi na kondoo wana siku yao, mara mbili kwa mwezi. Fika mapema uzunguke mazizini, maana mnyama akishaingia uwanjani una nusu dakika tu ya kuamua. Tazama macho, kwato, na mkia kama ni msafi. Tazama pia hereni ya namba sikioni; ndiyo inayoonyesha alikotoka.

Dalali anaimba bei kwa kasi ambayo Kiingereza cha darasani hakiifikii. Nilichojifunza ni kwamba anataja bei mbili, aliyokwisha kupewa na anayoitafuta. Wewe sikiliza anayoitafuta. Halafu uliza mapema kama bei ni kwa ratili au kwa kichwa, kwa sababu wanabadilisha kulingana na kundi. Mbuzi wangu wa mwisho alikuwa na ratili 62, kwa dola 3 na senti 40 kila ratili: dola 210 na senti 80. Mnyama mnene, mchangamfu, na supu yake watoto waliisifu wiki nzima.

Sasa kasoro. Safari ya tatu nilinunua jike aliyekuwa kimya sana zizini. Njiani akaanza kukohoa, siku ya tatu akafa. Nilipopiga simu nikaambiwa mnyama akishatoka getini ni wako. Ni kanuni yao, imeandikwa ukutani, lakini imeandikwa kwa herufi ndogo na kwa Kiingereza pekee, wakati nusu ya wanunuzi wa mbuzi siku ile tulikuwa wageni. Hapo nawapunguzia nyota moja, na sitairudisha mpaka waibandike kwa lugha zetu.

Nyota nne zilizobaki nazitoa kwa moyo wote, na mzee wangu ndiye aliyenifundisha kwa nini. Miaka ya 1970 benki ziliwahimiza wakulima wakope wanunue ardhi. Riba ikapanda, mwaka 1980 serikali ikazuia nafaka kuuzwa Urusi ya Kisovieti, na eka ya Iowa iliyokuwa na wastani wa dola 2,147 mwaka 1981 ikaanguka hadi dola 787 mwaka 1986. Yeye aliuza trekta, nguruwe na eka zake 160 katika mnada uliofanyika uani kwake, majirani wakinunua huku wakitazama chini. Tangu siku hiyo hajakanyaga mnada wowote. Mwaka 1987 kampuni ya Hormel nayo ikafunga kiwanda chake cha nyama Ottumwa. Kampuni nyingine ikakifungua kwa mishahara ya chini, na leo ni cha kampuni ya JBS. Mji uliokuwa na watu 33,871 mwaka 1960 ulihesabiwa watu 25,529 mwaka 2020, na hata hao wasingefika bila wahamiaji wanaokata nyama humo usiku na mchana.

Nguruwe ndiyo habari iliyonishtua zaidi. Mwaka 1978 Iowa ilikuwa na mashamba takriban 59,000 yanayofuga nguruwe. Leo hayafiki 6,000, na nguruwe ni zaidi ya milioni 20. Wengi wao hawapiti mnadani tena. Wanatoka mabandani kwa mkataba wa kampuni hadi kiwandani, bei imeshapangwa. Mbuzi bado anauzwa mbele ya macho ya watu, na mwenye eka kumi anaweza kuleta wawili nyuma ya pikapu na kurudi na fedha taslimu. Anayewanunua ni nani? Ni sisi: Wasomali, Wakongo, Wamexico, mimi wa Dodoma. Mwamishi mmoja aliniuliza tunampikaje mbuzi, nikamweleza habari ya tangawizi na ndimu, akaniuliza tena kama tunapenda madume yaliyohasiwa au yasiyohasiwa. Mwezi uliofuata alileta yasiyohasiwa.

Usiondoke bila kuingia mkahawani, mlango wa kushoto. Agiza mkate wa nyama ya ng'ombe uliofunikwa viazi vya kuponda na rojo. Chumvi ni chache, omba. Pai ya tufaha inaisha kabla ya saa saba mchana. Mimi hununua vipande viwili nikifika tu, kimoja cha mzee. Nikimpelekea huulizia kwanza watu walikaa viti vingapi.

Kuhusu kuchinja: panga na chinjio dogo kabla hujanunua, maana foleni yao huwa ya wiki kadhaa. Nyama itapigwa muhuri kwamba haiuzwi, ni ya familia yako tu. Beba kamba, nyasi kavu na turubai. Na ukitaka mbuzi wa Idi au wa Pasaka, nunua mwezi mmoja kabla. Wiki ya sikukuu bei hupanda, na wazuri huchukuliwa na wachuuzi wa Chicago asubuhi na mapema.