Mwezi Mzima wa Kuanguka: Tathmini ya Darasa la Judo Mwanga, Kigoma

Kwa majuma manne ya kwanza katika darasa la judo linaloendeshwa jioni kwenye ukumbi mmoja wa Mwanga, mjini Kigoma, mimi na binti yangu wa miaka 13 hatukufundishwa kumwangusha mtu yeyote. Tulifundishwa kuanguka. Tulianguka chali, tukaanguka kwa ubavu wa kulia na wa kushoto, tukabiringika mbele kupitia begani, na kila mara mkono ulitakiwa kuupiga mkeka kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko, kidevu kikiwa kimebanwa kifuani ili kisogo kisiguse chini. Wajapani huyaita mazoezi hayo ukemi. Wazazi wawili walioanza pamoja nasi waliwaondoa watoto wao katika juma la pili, wakisema kwamba walilipia mchezo wa kupambana na hawaoni faida ya mtoto kujitupa chini jioni nzima. Ninawaandikia wazazi wa namna hiyo, kwa kuwa baada ya miezi mitano ninaamini kwamba mwezi ule una thamani kuliko mingine yote tuliyoilipia.

Nilipomuuliza mwalimu ni lini tutaanza judo yenyewe, alinijibu kwa upole, "Mama, hii ndiyo judo yenyewe," kisha akatusimulia habari za Doug Rogers wa Kanada. Rogers alikwenda Japani mwaka 1960 akiwa na umri wa miaka 19 ili ajifunze mchezo huo kwenye chimbuko lake, yaani katika jiji la Tokyo, ambako Jigoro Kano, mwasisi wa judo, aliianzisha Kodokan, shule ya kwanza ya mchezo huo, mwaka 1882 ndani ya hekalu, kwenye nafasi ya mikeka 12 tu. Baada ya Kodokan alifanya mazoezi katika Chuo Kikuu cha Takushoku chini ya Masahiko Kimura, mtu aliyekuwa bingwa wa Japani kwa miaka mitatu mfululizo, kuanzia 1937 hadi 1939, na ambaye inasimuliwa kwamba alilizoeza pigo lake la osoto gari, la kufyeka mguu wa mpinzani kwa nyuma, kwenye shina la mti. Mgeni anayeingia katika ukumbi wa namna hiyo anakutana na vijana walioshikana makoti tangu utotoni, na kazi yake ya kwanza, apende asipende, ni kuangushwa, kuinuka, kuinama kwa heshima na kushika koti tena. Rogers aliikubali kazi hiyo. Katika Olimpiki ya Tokyo ya mwaka 1964 alifika fainali ya uzito wa juu na kupata medali ya fedha, akishindwa na Isao Inokuma kwa uamuzi wa waamuzi bila ya kuangushwa, na mwaka uliofuata alikuwemo katika timu ya Takushoku iliyotwaa ubingwa wa vyuo vikuu vya Japani.

Miaka minne ile kati ya safari na medali ndiyo niliyoitafakari sana, kwa sababu mwalimu wetu ameijenga ratiba yake juu ya wazo hilohilo la kurudia. Nje ya ukumbi upo mchikichi ambao shina lake limezungushiwa mkanda wa zamani, na kila mwanafunzi huushika, huuvuta na kugeuza kiuno mara 100 kabla ya kuingia ndani. Zoezi hilo la kuingia katika pigo bila kulimaliza huitwa uchikomi, na sijaona mtu aliyeruhusiwa kulikwepa, hata aliyechelewa.

Adabu nayo inasimamiwa kwa uzito huohuo. Siku binti yangu alipomwangusha mwenzake kwa mara ya kwanza aliruka kwa furaha, naye mwalimu akamrudisha mahali pake, akamtaka ainame kwanza, kisha akatueleza kuhusu Anton Geesink, Mholanzi ambaye naye alikuwa akisafiri kwenda Japani kujinoa. Mwaka huohuo wa 1964, ndani ya ukumbi wa Budokan, Geesink alimshinda Akio Kaminaga mbele ya Wajapani wenzake, na Waholanzi walipotaka kukimbilia mkekani kushangilia, aliwanyoshea mkono kuwazuia. Binti yangu hajaruka tena.

Ada ni shilingi 20,000 kwa mwezi kwa siku tatu za juma, nami naiona ni ya haki. Vazi halimo katika ada hiyo, na hapa nawaonya wazazi: sare za karate zinazopatikana kwenye mitumba ni nyepesi mno, kwa kuwa koti la judo hushikwa na kuvutwa muda wote, hivyo linahitaji pamba nzito na ukosi uliotiwa mshono mara kadhaa. Sare ya karate niliyomnunulia binti yangu ilichanika kwapani katika juma la sita.

Upungufu upo, nao hauhusu ufundishaji peke yake. Mkeka umetengenezwa kwa maranda ya mbao yaliyotandazwa chini ya magunia na kuvutiwa turubai juu yake, ubunifu mzuri sana, ila maranda hushindiliwa kwa kukanyagwa, na yasipochambuliwa kila juma mtu huisikia sakafu kwenye nyonga. Mwezi wa tatu niliisikia. Ukumbi ni mdogo kiasi kwamba katika randori, yaani mapambano ya mazoezi, ni jozi mbili tu zinazoweza kucheza kwa wakati mmoja huku wengine 15 wakikaa ukutani kusubiri. Darasa hili linastahili kugawanywa makundi mawili. Mvua inapopiga bati, maelekezo hayasikiki kabisa.

Jambo lililonisumbua zaidi lilikuwa mazoezi ya kukabana chini, ambayo wasichana walisimamiwa na mwanamume peke yake. Judo ya wanawake ilianza kushindaniwa rasmi katika Olimpiki mwaka 1992 tu, na sikutaka wasichana wa Kigoma wauache mchezo huu kwa sababu ya aibu inayoweza kuepukwa. Nilimweleza mwalimu bila kuficha, naye hakukasirika. Tangu mwezi uliopita, dada mmoja mwenye mkanda wa kijani huja kila Jumatano kusimamia sehemu hiyo, na wasichana waliokuwa wanne sasa ni tisa.