Vitamini baada ya upasuaji wa kupunguza unene: ipi uitangulize, ipi uiache kwenye rafu

Chupa za vitamini kwa mbele zote husema mamoja: nguvu, kinga, nywele za kupendeza. Igeuze. Aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza unene anunue kwa kusoma yale maandishi madogo ya nyuma, na macho yaende kwanza kwenye mistari minne: thayamini (yaani B1), B12, chuma na shaba. Chupa iliyokosa chuma na shaba huenda ikamfaa mtu mwenye tumbo lake zima. Wewe haikutoshi.

Upasuaji wa slivu huondoa sehemu kubwa ya mfuko wa tumbo. Kwenye baipasi, chakula huchepushwa kikaruka sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba, na huko ndiko chuma na kalsiamu hufyonzwa zaidi. Asidi ya tumbo hupungua, na pamoja nayo hupungua ile protini itengenezwayo tumboni ili B12 iweze kuingia mwilini. Juu ya hayo unakula kidogo. Ndiyo maana vitamini hizi ni za maisha yote, hata baada ya uzito kutulia na mtu kujiona mzima kabisa.

Jambo jingine la kujua kabla ya kutoa hela: hutanunua chupa moja. Kalsiamu hupunguza ufyonzwaji wa chuma vikimezwa pamoja, kwa hiyo kidonge kinachojigamba kuwa na vyote viwili kwa wingi hakikusaidii kama unavyodhani. Hesabu ununuzi wako kuwa multivitamini, kalsiamu, na pengine B12 au chuma cha ziada.

Kwa kipimo cha siku, mwongozo unaotumika sana ni wa chama cha wapasuaji wa unene cha Marekani, ASMBS. Thayamini isipungue miligramu 12, na 50 ni bora zaidi. B12 ya kumeza iwe mikrogramu 350 hadi 1,000. Chuma ni miligramu 18 kwa mwanamume asiye na historia ya upungufu wa damu, na 45 hadi 60 kwa mwanamke anayepata hedhi na kwa wengi waliofanyiwa slivu au baipasi. Foleti (yaani B9, ambayo kwenye vidonge huitwa asidi ya foliki) ni mikrogramu 400 hadi 800, na mwanamke aliye katika umri wa kuzaa afike 800 hadi 1,000. Shaba ni miligramu 1 kwa slivu, 2 kwa baipasi. Vitamini D3 huanzia IU 3,000 (IU ni kizio cha kimataifa cha kupimia vitamini), kisha hurekebishwa kwa majibu ya damu. Ziandike kwenye simu uende nazo dukani.

Multivitamini, kwa mpangilio wangu

Namba moja ni ile iliyotengenezwa mahsusi kwa waliofanyiwa upasuaji huu. Huwa imejaza thayamini, B12 na shaba kwa viwango vinavyokaribia hivyo hapo juu, na nyingine hutosha kwa kapsuli moja kwa siku. Lakini usiamini jina peke yake. Kampuni nyingi hutoa aina mbili zenye kopo linalofanana, moja ina chuma na nyingine haina, na mtu akishika kwa haraka hubeba isiyo yake.

Namba mbili ni multivitamini ya kawaida ya watu wazima yenye chuma na shaba, vidonge viwili kwa siku, ikisindikizwa na B12 na thayamini za pembeni. Kwa kawaida ni nafuu zaidi na hupatikana kwa urahisi, ila inakutaka uwe mtu wa hesabu. Epuka zilizoandikwa kuwa ni za wenye miaka zaidi ya 50, maana nyingi zimeondolewa chuma. Na ukimeza mbili, jumlisha vitamini A: kwa mwanamke anayeweza kushika mimba, A ya aina ya retinoli isivuke IU 10,000 kwa siku, kwa sababu ikizidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Ile itokanayo na beta-karotini haina hatari hiyo.

Vitamini za wajawazito nimeziweka namba tatu. Watu huzikimbilia kwa sababu ya chuma na asidi ya foliki, na hapo kweli hazina neno. Thayamini na B12 ndizo huja kidogo mno, na shaba mara nyingine haimo kabisa.

Za maji na za unga ni namba nne. Zinafaa wiki za mwanzo ambapo kidonge hakipiti, lakini chunguza chuma, kwani mara nyingi kimeachwa ili kulinda ladha.

Za jeli zenye sura ya peremende ni za tano, na ningeziacha. Karibu zote hazina chuma, nyingi hazina thayamini, na zina sukari. Vibandiko vya ngozini vinashika mkia: hakuna ushahidi wa kutosha kwamba vitamini hizi hupenya ngozi kwa kiasi unachokihitaji.

Kwa umbo, wiki za mwanzo chukua vya kutafuna au vya maji, kisha uhamie kapsuli ukiruhusiwa. Vidonge vya kuyeyuka polepole na vile vilivyopakwa ganda la kupita tumboni bila kuyeyuka viache, kwa kuwa vinaweza kupita sehemu iliyobaki ya kufyonza kabla havijafunguka.

Kalsiamu: hapa ndipo wengi hupigwa

Kalsiamu sitreti kwanza, kaboneti baadaye. Kaboneti inahitaji asidi ya tumbo na chakula ili ifyonzwe, na asidi ndiyo uliyopungukiwa. Sitreti hufyonzwa hata bila chakula. Ubaya wake ni ukubwa wa vidonge, kwani asilimia 21 tu ya uzito wa sitreti ni kalsiamu halisi, wakati kaboneti ina asilimia 40. Kwa hiyo “sitreti miligramu 1,000” inakupa takriban 210 za kalsiamu yenyewe, si elfu moja. Tafuta mstari unaotaja kalsiamu halisi, halafu uangalie ni kwa vidonge vingapi, maana kipimo kilichochapishwa mara nyingi ni cha vidonge viwili au vitatu.

Lengo la siku ni miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa slivu na baipasi. Gawanya, usivuke 500 hadi 600 kwa mara moja, na uache saa mbili kati yake na chuma.

Chuma na B12

Mtego ni uleule kwenye chuma: kidonge cha feri salfeti cha miligramu 200 kilichokaushwa hubeba kama 65 za chuma halisi. Jumlisha na kilichomo kwenye multivitamini kabla ya kuongeza. Kimeze na vitamini C, mbali na chai na kahawa. Kipimo cha damu kikigoma kupanda baada ya miezi ya kumeza kwa uaminifu, acha kubadilisha chapa. Muulize daktari kuhusu chuma cha dripu.

Kwa B12, kidonge cha kumeza na cha kuyeyusha chini ya ulimi vyote vinafaa kipimo kikiwa kikubwa. Anayesahau vidonge, na tuseme kweli wengi ni hao, namshauri sindano ya mikrogramu 1,000 kila mwezi.

Usichonunua kwa pupa

Nywele hukatika sana kati ya mwezi wa tatu na wa sita, na hapo watu hununua zinki na biotini. Mara nyingi ni mshtuko wa upasuaji na kupungua uzito haraka, na hurudi zenyewe. Zinki ikizidi kwa muda mrefu huishusha shaba, na upungufu wa shaba huleta upungufu wa damu na kuharibu mishipa ya fahamu. Biotini nyingi inapotosha vipimo vya tezi ya shingo na vya moyo, hivyo mwambie anayekutoa damu. Anayemeza dawa ya tezi hiyo, levothyroxine, aiache saa nne mbali na chuma na kalsiamu.

Kutapika kusikokoma hakutibiwi dukani. Akiba ya thayamini mwilini huisha ndani ya wiki chache na ubongo ukaumia. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na useme umefanyiwa upasuaji huu kabla hujawekewa dripu ya sukari, ili thayamini itangulie.

Mwisho, nunua chupa ndogo. Ulimi hubadilika baada ya upasuaji, na ladha uliyoipenda mwezi wa kwanza inaweza kukutia kichefuchefu mwezi wa tatu. Isitoshe, damu hupimwa karibu mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, kisha kila mwaka, na majibu hayo ndiyo yatakayoamua chupa ya pili iwe ipi.