Betri ya Simu Imechoka: Ununue Ipi, Uiache Ipi

Wengi wanaotafuta betri mpya hawaihitaji. Kama kuna programu inayofanya kazi chinichini usiku kucha, au mtandao ni dhaifu na simu inahangaika kutafuta mnara, chaji itaendelea kuisha hata ukibadilisha betri mara tatu. Pima kwanza, ndipo utoe hela.

Kwenye iPhone, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya betri, utaona uwezo uliobaki kwa asilimia. Apple wanasema betri za iPhone 14 na za kabla yake zimeundwa zibaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 500 ya chaji. Kuanzia iPhone 15 ni mizunguko 1,000. Ukitumia nusu ya chaji leo na nusu kesho, huo ni mzunguko mmoja. Simu za Android hazilingani. Baadhi zina taarifa hiyo kwenye mipangilio, Samsung wana kipimo ndani ya programu yao ya Samsung Members, na kwingineko itabidi upakue AccuBattery. Hii hukadiria kwa kuhesabu umeme unaoingia simu ikiwa kwenye chaja, kwa hiyo usiiamini namba ya siku ya kwanza. Betri ya 5,000 mAh (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri) ikiwa makadirio yake yametulia kwenye 3,800, imebaki na asilimia 76. Ikishuka chini ya 80 kama hivyo, nunua.

Dalili mbili hazihitaji kipimo: simu kuzima ghafla ikiwa bado inaonyesha asilimia 20 au 30, na mfuniko wa nyuma au kioo kuanza kuinuka. Hiyo ya pili ni betri iliyovimba. Usiichaji tena, wala usiibonyeze irudi ndani.

1. Betri ya mtengenezaji, ikifungwa na kituo chake

Ni ghali kuliko zote na bado naiweka juu. Hulipii betri tu. Unalipia pia mtu anayeijua simu hiyo na gundi mpya ya kuzuia maji. Kwa iPhone kuna sababu nyingine: kuanzia XS na XR za mwaka 2018, betri ambayo simu haiitambui huleta onyo. Kwa simu kuukuu isiyopokea tena masasisho ya usalama, gharama hii hailipi. Shuka hadi chaguo la 2.

2. Betri ya kampuni nyingine, yenye jina na waranti

Hapa ndipo wengi tutaangukia, na ndipo pa kufungua macho. Linganisha namba ya modeli iliyoandikwa kwenye betri yenyewe, si jina la simu tu, maana simu zenye majina yanayokaribiana hutumia betri tofauti. Tafuta tarehe ya kutengenezwa. Iliyokaa rafu miaka mitatu si mpya hata kama plastiki haijachanwa. Kisha soma mAh. Betri halisi ikiwa ni 4,000 na hii ya ukubwa uleule inajitangaza 6,000, mwenye duka anakuuzia stika. Madebe mawili ya mahindi hayaingii kwenye debe moja. Ilaze juu ya meza ya kioo uizungushe kwa kidole: iliyo bapa hukwama, iliyoanza kuvimba huzunguka kama pia. Mwisho mwambie fundi aijaribu mbele yako kabla hajabandika mfuniko, na waranti iandikwe kwenye risiti.

3. Pawabenki

Uwezo uliobaki ukiwa juu ya asilimia 80 na shida yako ni siku ndefu mbali na umeme, chaguo hili linapanda hadi namba moja. Jua tu kwamba ile 10,000 mAh ni ya seli za ndani. Umeme ukipandishwa volti na mwingine kupotea kwa joto, simu hupata kama 6,000 hivi. Betri inayozima ghafla haitaponeshwa na pawabenki.

4. Betri iliyong'olewa kwenye simu nyingine

Ni halisi, ndiyo, lakini mizunguko yake imeliwa na mtu mwingine. Ichukue pale tu simu ni ya zamani mno na mpya hazipatikani.

5. Ile ya bei ya kutupa, haina jina

Usinunue. Seli za lithiamu zenye kasoro hushika moto. Samsung waliiondoa sokoni simu yao ya Galaxy Note 7 mwaka 2016 kwa sababu ya betri, na wao wana maabara.

Ukishaweka mpya, adui mkubwa ni joto. Usicheze gemu simu ikiwa kwenye chaja, usiiache kwenye dashibodi ya gari juani, na ikichemka vua kava. Kama ina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80, uwashe. Ule ushauri wa kuiacha ifike sifuri kila mara ulitokana na betri za nikeli. Hizi za lithiamu unaziumiza. Na usinunue mbili ili moja ikae akiba: betri huzeeka hata ikiwa kabatini.