Samani za sebule zisizochuja: zipi ununue kwanza ukiwa Lamu

Kabla hujatoa shilingi, chukua futi kamba upime upana wa sebule yako. Upana, si urefu. Nyumba za mawe za Lamu ziliezekwa kwa boriti za mkoko, na boriti ya mkoko haihimili dari la mawe na chokaa ikizidi mita mbili na nusu hivi, ikienda sana inakaribia tatu. Ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Kochi la kisasa lina kina cha karibu mita moja. Yaweke mawili yatazamane, uone kilichobaki: pengo la mtu kupita ubavu ubavu, na huyo mtu asiwe amebeba sinia ya kahawa.

Nalijua hili kwa sababu liliwahi kunigharimu. Nilipohamia nyumba yangu ya sasa, mtaa wa Mkomani hapa Lamu, niliagiza seti ya makochi ya kona kutoka duka moja la Mombasa. Ilipakiwa lori mpaka Mokowe, gatini upande wa bara, ikavushwa kwa boti, ikabebwa na mahamali wanne mpaka mlangoni, na hapo mlangoni ikakwama. Ndia zetu, yaani vichochoro vya mji, zilipimwa kwa punda aliyebeba mzigo, si kwa kochi la kona. Fundi aliikata fremu vipande viwili ndipo ikaingia. Mvua za kusi hazijaisha ile ngozi bandia ikaanza kubanduka, na mgongo wa kochi ukaota ukungu wa kijani. Niliumia sana, kwa sababu zile zilikuwa pesa za kuweka miaka miwili.

Tangu hapo naulizwa sana na majirani na jamaa wanaopamba nyumba, hasa maharusi. Wote wanataka kitu kimoja: mtindo usiochuja. Mitindo niliyoipanga hapa chini yote imedumu, mingine kwa karne nzima na zaidi, na bado inapendwa duniani. Nimeipanga kwa kuuliza: kitapita mlangoni? Kitastahimili chumvi na unyevu? Kikivunjika, yuko fundi wa hapa wa kukishika?

Namba moja: samani za Kilamu zenyewe

Siziweki mbele kwa sababu ni zetu. Naziweka mbele kwa sababu zilitengenezwa kwa ajili ya vyumba hivi na hewa hii. Kitanda cha kamba ni fremu ya mbao iliyosukwa kamba katikati: upepo unapita chini na juu, jasho linakauka, na kamba ikilegea inasukwa upya bila kununua kitanda kingine. Mchana kinakuwa cha kukalia wageni, kikitandikwa godoro jembamba na mito miwili mitatu. Siku hizi mafundi wanachukua fremu hiyohiyo wakaitilia mgongo ikawa kochi. Ukiagiza, mwambie fundi akate kina cha sentimita 60 hadi 65. Sebule itapumua.

Ukifika karakana, usianze na nakshi. Nakshi inavuta macho, na ndivyo ilivyokusudiwa. Pindua kitanda miguu juu. Tazama pale mbao ya ubavu inapoingia mguuni. Ukiona ulimi wa mbao umepenya tundu na kufungwa kwa chango cha mbao, hapo pana kazi. Ukiona msumari, jua kwamba chumvi itaula. Msumari ukiingia kutu unavimba, na ukivimba unaipasua mbao kutoka ndani. Kisha pitisha kidole chini ya fremu. Unga mwembamba ukishika kwenye kidole, mbao imebunguliwa, na hakuna vanishi itakayowatoa wadudu hao. Mwisho bonyeza kamba kwa ngumi, katikati. Mimi nikiona zimeshuka zaidi ya vidole vinne, siko tayari kulipa mpaka zikazwe.

Mbao: mvule na msaji ndizo ninazozipendekeza, na mbambakofi ukiipata, mbao ile ya milango mikongwe. Mwembe ni wa bei nafuu na una rangi nzuri, lakini wadudu wanaupenda, kwa hiyo usiulipie bei ya mvule. Mbane fundi kwa maswali mpaka akuonyeshe upande ambao haujapakwa rangi. Kuna pia meza na viti vya mbao za majahazi makuukuu, zenye viraka vya rangi ya samawati na nyekundu iliyopaushwa na bahari. Mimi nazipenda mno. Ila hakikisha misumari ya zamani imeng'olewa yote, na ukwangue rangi kidogo kwa ukucha: ya jahazi kweli ina matabaka, moja juu ya jingine, kwa sababu chombo hupakwa mara nyingi katika umri wake.

Kiti cha enzi, kile cha mgongo mrefu wa kusukwa na pa kuwekea miguu, nunua kimoja tu, ukiweke peke yake. Kilikuwa kiti cha mgeni wa heshima; vikiwa sita mezani vinapoteza maana. Chagua chenye urembo wa mfupa. Ukiambiwa ni pembe ya ndovu, ondoka, kwa sababu biashara hiyo ni haramu kisheria. Vilevile usinunue mlango au kizingiti kilichong'olewa kwenye nyumba ya zamani. Mji wetu uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001 kwa sababu ya vitu hivyohivyo kubaki mahali pake. Mafundi wapo wa kukuchongea kipya.

Kabla ya kuagiza chochote, pita Makumbusho ya Lamu pale ukingoni mwa bahari, halafu ingia ile nyumba ya Kiswahili ya karne ya 18 ambayo nayo ni makumbusho. Tazama jinsi chumba kinavyopambwa na ukuta wake: vidaka, yaani vishubaka vya ukutani, vimepangwa safu kwa safu, chokaa nyeupe, samani chache. Utapunguza orodha yako ya manunuzi kwa nusu. Na kama ukuta wako ni wa chokaa, usiupake rangi ya mafuta. Chokaa hunywa unyevu na kuutoa. Ukiiziba, rangi itavimba malengelenge.

Namba mbili: majilisi

Magodoro ya chini yaliyozunguka ukuta, matakia ya kuegemea, busati au mkeka katikati. Asili yake ni Uarabuni, lakini nani Lamu hajala futari akiwa ameketi hivyo? Hakuna mtindo mwepesi kuuingiza nyumbani kuliko huu, na kwa familia kubwa hakuna unaokaribisha watu wengi zaidi kwa pesa ileile. Omba matakia yajazwe sufi au pamba, si sponji. Sufi unaianika juani darini ikarudi kama mpya. Sponji ikishika unyevu inabaki na harufu. Usiliweke godoro moja kwa moja sakafuni. Mwambie fundi akupigie majukwaa ya mbao, kimo cha kiganja kimoja, yenye nafasi kati ya mbao na mbao. Nimeuweka wa pili kwa sababu moja tu: mama yangu. Magoti yake hayamruhusu kuinuka kutoka chini, na sebule ambayo mama hawezi kukaa haijakamilika. Basi changanya, majilisi upande mmoja na kochi la kamba upande wa pili.

Namba tatu: mbao nyepesi za Ulaya

Mwaka 1859 kampuni ya Michael Thonet, ya Vienna, ilitoa kiti namba 14: vipande sita vya mbao iliyopindwa kwa mvuke, skrubu kumi na nati mbili. Viti 36 vikifunguliwa vilienea katika kasha la mita moja kila upande. Kwa kisiwa ambacho kila mzigo unavushwa kwa boti, hiyo ni sifa kubwa, na sehemu ya kukalia ya henzirani inapitisha hewa kama kamba zetu. Kuna pia kiti cha Mdenishi Hans Wegner cha mwaka 1949, chenye mgongo wa umbo la Y, ambacho sehemu yake ya kukalia imesukwa kwa takriban mita 120 za kamba ya karatasi. Nilipokiona mara ya kwanza nilisema huyu ni binamu wa kitanda cha kamba.

Vinavyouzwa mitandaoni kwa bei ndogo ni nakala, nyingi za mbao laini. Kabla ya kununua, tikisa mgongo na usikilize viungo. Ukishanunua, badilisha skrubu za chuma uweke za shaba. Udhaifu wake ni kwamba mbao iliyopindwa kwa mvuke ikivunjika, fundi wa hapa atalazimika kuichonga upya, na haitakuwa na nguvu ileile. Kwa meza ya kulia vinafaa sana.

Namba nne: mabomba ya chuma

Marcel Breuer, akiwa chuo cha Bauhaus Ujerumani, alianza kutengeneza viti vya mabomba ya chuma mwaka 1925, wazo likitoka kwenye mpini wa baiskeli. Ni vizuri kwa macho na havijawahi kuonekana vya zamani. Lakini sote tunajua baiskeli inavyokuwa ikikaa miezi michache karibu na bahari. Kutu inaanzia kwenye viungo, chini ya ule mng'aro, na ukiiona imeshafika mbali. Kama nyumba yako iko bara na mbali na pwani, kinunue. Lamu, na hata Malindi mtaa unaotazama bahari, hapana.

Namba tano: makochi ya kifalme

Mahameli, vifungo, kingo za dhahabu. Yanafanana na fahari, na nawaelewa maharusi wanaoyatamani. Lakini mahameli ni joto, hushika vumbi na ukungu, na hayapiti ndia zetu. Ukitaka fahari, chukua pesa hizo umwagize fundi kochi moja la mvule lenye nakshi ya mkono.

Ukiagiza, toa arbuni, usilipe yote, na mwombe fundi akuite mara mbili: fremu ikiwa tupu kabla ya vanishi na kamba, halafu siku ya kumaliza. Siku ile ya kwanza nenda na futi kamba yako, na vipimo vya mlango wako umeviandika.