Takwimu za Dini na Siasa za Pew Research Center
Kwa mwandishi wa habari au mwanazuoni anayejadili nafasi ya dini katika siasa, huduma ya takwimu ya Pew Research Center, kituo cha utafiti cha Marekani, inayotolewa bila malipo, ni hazina kubwa. Ninachokithamini zaidi ni kwamba vikwazo vinavyowekwa na serikali dhidi ya dini hupimwa mbali na uhasama wa kidini unaozuka ndani ya jamii yenyewe, katika nchi na maeneo 198, kuanzia mwaka 2007. Hivyo dola haibebeshwi lawama za umati, wala umati lawama za dola. Korea Kaskazini haimo katika orodha hiyo. Ripoti huwa nyuma ya matukio kwa takriban miaka miwili, na anayeandika kuhusu uchaguzi wa sasa hana budi kuwauliza waumini wenyewe.