Proxmox VE kwenye seva tatu za ofisi ya Kurasini: uzoefu wangu wa zaidi ya miaka miwili

Ninasimamia seva za ofisi ya uwakala wa forodha hapa Kurasini, Dar es Salaam, ambako meli ikitia nanga wafanyakazi huingiza nyaraka usiku na mchana, na mfumo ukizima kwa nusu saa mzigo wa mteja unaweza kulala bandarini siku nyingine nzima. Kwa sababu hiyo, mwaka 2023 nilihamisha mifumo yetu yote kutoka kwenye seva moja iliyochoka kwenda Proxmox VE, programu inayowezesha seva moja kuendesha mashine pepe nyingi, yaani kompyuta kamili zinazoishi ndani ya programu.

Programu hii hutengenezwa Vienna, Austria, juu ya Debian, mojawapo ya aina za Linux. Toleo la 8 nililoanza nalo lilijengwa juu ya Debian 12. Ni programu huria yenye leseni ya AGPL, hutumia KVM kwa mashine pepe na LXC kwa kontena (mazingira mepesi yanayotumia kiini cha mfumo wa seva yenyewe), na yote husimamiwa kwa kivinjari kupitia mlango namba 8006. Usajili wa kulipia hutozwa kwa idadi ya soketi za CPU. Asiyelipa hupata programu ile ile, ila hukumbushwa kila anapoingia kwamba hana usajili, na hulazimika kubadilisha hazina ya vifurushi, kwa kuwa iliyowekwa mwanzoni ni ya waliolipia na masasisho yatagoma.

Nilianza na seva mbili, nikiamini kwamba moja ikizimika nyingine itabeba mzigo. Halikuwa wazo sahihi. Klasta ya Proxmox, yaani seva kadhaa zinazofanya kazi kama kundi moja, hutegemea Corosync, programu inayopeleka ujumbe kati ya seva hizo, na Corosync hudai akidi: kila seva ina kura moja, na klasta hufanya maamuzi pale tu zaidi ya nusu ya kura zinapokuwepo. Siku umeme wa upande mmoja wa jengo ulipokatika, seva iliyobaki ilikuwa na kura moja kati ya mbili, yaani nusu kamili, hivyo ikafunga faili zake za usanidi zisiandikike, nami nikashindwa hata kuwasha mashine pepe iliyokuwa imezimwa. Mwenye seva mbili tu namsihi aweke QDevice kwenye kompyuta ndogo ya tatu, ambayo hupiga kura bila kubeba mashine pepe yoyote. Sisi tulinunua seva ya tatu, iliyokwishatumika.

Jambo lililonisumbua zaidi lilikuja miezi minne baadaye. Saa nane usiku seva zote tatu zilijiwasha upya kwa pamoja, na usiku uliofuata zikarudia. Nilishuku umeme, nikabadilisha betri za UPS. Nikashuku memori, nikaipima yote. Jibu lilikuwa kwenye kumbukumbu za mfumo: Corosync iliandika kwamba viungo vimekatika dakika ile ile nakala rudufu zilipoanza kupita kwenye swichi moja na ujumbe wa klasta. Corosync haihitaji njia pana, bali huhitaji majibu ya haraka, chini ya milisekunde 5, na nakala zilikuwa zimeiziba njia. Seva yenye mashine pepe zilizowekewa HA (mpangilio wa kuziwasha kwenye seva nyingine pale ya kwanza inapokufa) ikikosa akidi kwa takriban dakika moja hujiwasha upya yenyewe, ili mashine pepe moja isije ikaendeshwa mahali pawili na kuharibu data. Kwa hiyo zile seva zilitimiza wajibu wao; mpangilio wangu wa mtandao ndio uliokuwa na kasoro. Nilinunua swichi ndogo Kariakoo, nikaipa Corosync kadi zake za mtandao, nikauacha mtandao wa zamani kuwa kiungo cha akiba, kisha nikawekea nakala rudufu kikomo cha kasi. Tatizo halijarudi tangu siku hiyo.

Kuhusu diski, ninatumia ZFS, mfumo wa kuhifadhi faili, na kunakili data kutoka seva moja hadi nyingine. Muda wa kawaida ni kila dakika 15, nami nimeushusha hadi 5, na nimewaeleza wakuu wangu waziwazi kwamba seva ikifa ghafla tunaweza kupoteza nyaraka za dakika hizo. Anayetaka kutopoteza chochote atahitaji hifadhi ya pamoja kama Ceph, ambayo kwa mashine zetu ni mzigo mkubwa mno. Achunguze pia memori: usakinishaji wa kabla ya 8.1 huiruhusu ZFS kuchukua hadi nusu ya memori yote.

Kinachonifurahisha hadi leo ni kuhamisha mashine pepe ikiwa inafanya kazi. Saa nne asubuhi ninaweza kuiondolea seva mzigo wote, nikaizima na kusafisha feni zilizojaa vumbi, huku watu wa nyaraka wakiendelea kuandika bila kuhisi lolote.

Ninachokikosa ni mpangilio wa UPS ndani ya programu yenyewe. Niliweka NUT, programu inayosoma hali ya UPS, kwa mkono katika kila seva, ili betri ikikaribia kuisha mashine pepe zizimwe kwa utaratibu. Toleo la 9, lililotoka Agosti 2025 juu ya Debian 13, sijalihamia bado. Nitaanza na seva ya tatu, baada ya kuendesha pve8to9, amri inayokagua kama seva iko tayari kuhama, na kujaribu kurejesha nakala rudufu moja nzima.