Pete za chipu za mguuni kwa kuku wa mayai: ubora wake na pale zinapodanganya

Anayetaka kujua mwenendo wa kila kuku, si wa kundi tu, aanze na pete ya plastiki yenye chipu isiyo na betri, ya kilohezi 134.2. Ni nyepesi, na kuku huizoea upesi kuliko kibegi cha mgongoni kinachobeba kifaa. Kuku akipita kwenye antena iliyo mlangoni, kisomaji kinaandika namba yake na saa.

Kazi ngumu iko hapo mlangoni. Kuku wawili wakipita bega kwa bega, ishara zinagongana, na mara nyingi inasomwa moja tu au hakuna kabisa. Tengeneza kijia chembamba cha kuku mmoja. Antena moja haijui kama kuku anatoka au anaingia, kwa hiyo funga mbili, ya ndani na ya nje, kwa nafasi ya kutosha zisiingiliane. Fremu iwe ya mbao, kwani chuma hufupisha umbali wa kusoma. Viungio vya nyaya vizibwe, maana vumbi la maranda na amonia huvila.

Kuna kuku wapendao kusimama kizingitini. Mmoja kama huyo huzalisha mamia ya mistari ya usomaji kwenye faili bila kwenda popote. Ukihesabu mistari badala ya safari, aliyezubaa ataonekana mchapakazi. Na kuku akisomwa "ametoka" mara mbili bila kuingia, usomaji mmoja umepotea. Kipindi hicho kitupwe, kisijazwe kwa kubahatisha.

Pete haioni kuchakura wala kuoga vumbi. Hayo yanahitaji kipima mwendo cha mgongoni. Kikomo kinachotajwa sana ni 5% ya uzito wa kuku, yaani gramu 90 kwa kuku wa kilo 1.8, lakini kwetu huo ni mzigo. Tafuta chepesi zaidi. Data za siku za mwanzo, anapokuwa bado anakidonoa, ziache.

Siku moja haithibitishi tabia. Rekodi kuku walewale siku nyingi, kisha gawa tofauti iliyopo baina ya kuku kwa tofauti yote, ikiwemo ya siku hadi siku. Jibu likikaribia 1, kila kuku ana desturi yake. Likikaribia 0, ni siku tu zinazobadilika. Hesabu hiyo haiwezekani kwa vifaa vinavyotoa wastani wa kundi peke yake, kwa hiyo nunua kisomaji kinachotoa faili ghafi, lenye kila usomaji na sekunde yake.